Uziwi wa Uhakiki Wetu: Shiriri ya Kakamega, Fidla ya Webern na Nafasi Zisizo na Maneno

Mhakiki wa fasihi simulizi katika vyuo vikuu vyetu huenda nyanjani akiwa na kinasa sauti, na hurudi akiwa na maneno. Kinachopotea kati ya kwenda na kurudi huko ndicho makala haya yanachokililia. Msomaji aliyewahi kutahini tasnifu za uzamili kuhusu nyimbo za jamii za Magharibi mwa Kenya anaujua mpangilio wake hata kabla ya kufungua jalada: usuli wa jamii, mapitio ya maandishi, nyimbo thelathini zilizonukuliwa na kufasiriwa, sura ya maudhui (ndoa, kazi, kifo, uongozi), na sura ya fani inayohesabu takriri, tashbihi, istiara na tanakali za sauti kama karani anayehesabu magunia ghalani. Wimbo uliochezwa kwa ngoma tatu na baragumu, watu wakitoka jasho, umekuwa beti nne zenye vina visivyolingana. Kisha mtafiti anatuambia, bila aibu, kwamba beti hizo “zina takriri nyingi”.

Dai letu ni kwamba kosa hili halitokani na uvivu wa wanafunzi. Wanafunzi wanafanya vizuri sana walichofundishwa kufanya. Kosa limo katika kisu chenyewe, yaani ule mgawanyo wa fani na maudhui ambao tuliupokea, tukautumia kupigania uhakiki wenye kuijali jamii, kisha tukausahau mikononi mwetu hadi ukawa mazoea. Kisu hiki hukata mahali penye maneno tu. Penye sauti isiyo na neno hakioni cha kukata, na kwa hiyo mwenye nacho huamini kwamba hapana kitu.

Ili kulithibitisha dai hilo tutaweka juu ya meza moja vitu viwili ambavyo adabu ya taaluma yetu haiviruhusu kukaa pamoja. Cha kwanza ni Vipande Vinne vya Fidla na Piano, opasi ya 7, alivyovitunga Anton Webern wa Vienna mwaka 1910. Cha pili ni shiriri, ala ya uzi mmoja na upinde inayopigwa na Waluhya wa Kakamega na majirani zao, ambayo jina lake hubadilika kidogo kutoka lahaja moja hadi nyingine. Hatudai kwamba viwili hivi vinafanana. Tunadai kwamba vyote viwili vinaufedhehesha uhakiki wetu, kila kimoja kwa njia yake, na fedheha hiyo ina mafunzo.

Tuanze na Webern, kwa kuwa huyu atatumaliza haraka. Vipande vyake vinne, vikipigwa vyote kwa pamoja, huchukua takriban dakika tano. Cha kwanza kina vipimo 9 tu vya muziki ulioandikwa. Viwili ni vya polepole na viwili ni vya haraka, vikipokezana. Fidla inaingia kwa sauti nyembamba kama ya filimbi, ile inayopatikana kwa kuugusa uzi bila kuubana, na piano inajibu kwa sauti chache zilizotawanyika. Mahali fulani mpigaji anaamrishwa autumie mti wa upinde badala ya nywele zake. Mahali pengine asuguе uzi karibu kabisa na daraja, ili sauti ikwaruze. Sehemu kubwa ya muziki huu iko mpakani mwa kusikika. Ghafla hutokea mlipuko, kisha ukimya tena. Kipande cha mwisho kinakwisha kwa agizo kwamba sauti iwe kama pumzi.

Sasa mpe mhakiki wetu kazi hii. Maudhui yake ni nini? Ujumbe je? Mhusika mkuu ni nani, na anawakilisha tabaka gani? Maswali haya yanachekesha, lakini ndiyo tunayoyauliza kila siku, na kama jibu la uaminifu ni kwamba hayaihusu kazi hii, basi hatuna budi kukiri kwamba tuna nadharia ya sanaa isiyoweza kusema lolote juu ya sanaa isiyo na maneno. Wengine watasema: hilo si tatizo, sisi ni watu wa fasihi. Lakini Arnold Schoenberg, mwalimu wa Webern, alipotaka kuutetea ufupi wa mwanafunzi wake katika dibaji aliyoiandikia kazi nyingine ya miaka hiyohiyo, alikimbilia istilahi zetu sisi: shairi na riwaya. Watu wa muziki huazima kwetu pasipo hofu. Sisi ndio tuliofunga mlango.

Na tuliufunga lini? Mjadala mkali kuliko wote katika uhakiki wa Kiswahili, ule wa ushairi baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, ulikuwa kwa sura yake ya nje mjadala kuhusu muziki. Wanamapokeo walishikilia kwamba shairi lisiloimbika si shairi, wakisimama juu ya msingi ulioimarishwa na Amri Abedi katika Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu cha mwaka 1954. Wanausasa wakajibu kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi. Wino mwingi ulimwagika, maneno makali yakasemwa, na urafiki kadha ukavunjika. Ajabu ni kwamba katika yote hayo kuimbika kulichukuliwa kuwa ni suala la kuhesabu silabi. Ni wachache mno waliouliza shairi linaimbwa kwa mahadhi gani, na nani, akisindikizwa na ala ipi, na ala hiyo inafanya nini mwimbaji anapovuta pumzi. Pande zote mbili zilipigania muziki ambao hakuna aliyeusikiliza.

Tunalitarajia pingamizi la kwanza, nalo ni zito: kwamba kumleta Webern Kakamega ni kurudia utumwa wa zamani, kuipima sanaa yetu kwa kipimo cha Vienna. Kama tungekuwa tunasema kwamba shiriri ni nzuri kwa sababu inafanana na fidla, pingamizi hilo lingetumaliza. Lakini tazama ni nani hasa anayepima kwa kipimo cha Ulaya. Ni yule anayeiita shiriri “fidla ya kienyeji”. Katika maneno hayo mawili mna historia nzima ya uongo: kwamba kuna fidla yenyewe, iliyokamilika, kisha kuna jaribio la mwanakijiji asiyekuwa na fedha za kuinunua. Na mna uongo wa pili, uliojificha zaidi, kwamba ya Ulaya ni ya kisasa na yetu ni ya kale.

Huo uongo wa pili ndio unaotuuma. Jamaa wa karibu wa shiriri ni endingidi ya Buganda na orutu ya Wajaluo. Kuhusu endingidi, wanahistoria wa ala za Uganda, Klaus Wachsmann akiwa mmoja wao, waliiweka katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, wala si katika enzi za kale za wafalme. Ikiwa hivyo ndivyo, basi hatuna haki ya kuitangaza shiriri kuwa ya tangu jadi bila ushahidi, eti kwa sababu tu imetengenezwa kwa mti na ngozi. Hiyo miaka ya mwanzo ya karne ndiyo miaka ambayo reli ilikuwa imefika ukingoni mwa Ziwa Viktoria (1901), Wakweka wa Marekani wakapiga kambi Kaimosi (1902), na nyimbo za sauti nne zikaanza kufundishwa chini ya miti. Sanaa ya Magharibi mwa Kenya ilikuwa inasukwa upya, kwa kasi, na watu waliojua kwamba dunia yao imebadilika. Kwa lugha ya Kakamega yenyewe, ambako watu huhesabiwa kwa tohara, huenda Vipande vya Webern na nyuzi hizi za pande za Ziwa ni watu wa rika moja. Kumwita mmoja mwanausasa na mwingine mapokeo ni kupotosha tarehe.

Hata hivyo makutano ya namna hii si ndoto. Justinian Tamusuza wa Uganda aliandika kazi ya nyuzi nne za Kizungu ambamo mbinu za ala za Kiganda zinasikika wazi, na kundi la Kronos la Marekani likairekodi sehemu yake katika santuri ya Pieces of Africa mwaka 1992. Watunzi wamekwisha kuvuka mto. Wahakiki bado tunabishana kama mto upo.

Turudi kwenye shiriri, maana ndiyo iliyotuleta hapa. Ina mzinga wa mti uliowambwa ngozi, ufito, uzi mmoja na upinde mdogo. Haina ubao wa kubania uzi kama ulionao fidla. Vidole vinaugusa uzi ukiwa hewani, na kwa hiyo sauti haikai katika vyumba vya nota bali huteleza, hupanda na kushuka kama mtu anayesema huku akilia. Mpigaji aghalabu ndiye mwimbaji. Hapa ndipo penye utamu wa sanaa yenyewe. Anapoimba, shiriri humfuata, karibu kabisa na sauti yake lakini si juu yake. Huchelewa kidogo, hutangulia kidogo. Anaponyamaza, shiriri huendelea. Wakati mwingine hurudia alichosema. Wakati mwingine humpinga: mwimbaji amemsifu mwenye sherehe kwa maneno manene, na uzi, katika nafasi inayofuata, unayachukua mahadhi yaleyale na kuyapinda hadi wasikilizaji wanacheka. Kicheko hicho hakimo katika maneno. Ukiyaandika maneno utapata sifa. Uliyemrekodi alikuwa anatania.

Tunawaomba wasomaji wasilipite jambo hili haraka. Ikiwa uzi unaweza kuyageuza maneno kuwa kinyume chake, basi sura nzima ya maudhui iliyoandikwa kwa kuyategemea maneno peke yake inaweza kuwa si pungufu tu bali ya uongo. Mtafiti ataandika kwamba jamii fulani “inawatukuza viongozi wake” akiwa na ushahidi wa kutosha kwenye karatasi, ilhali kila mzee aliyekuwapo pale alijua kwamba kiongozi alikuwa anasutwa. Kejeli, ambayo katika riwaya tunaisaka kwa tochi, katika wimbo tunaiacha ipite kwa sababu imebebwa na uzi.

Isukuti ya Waisukha na Waidakho inatushinda kwa njia tofauti. Hapa ngoma ni tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, zikisindikizwa na baragumu la pembe na njuga, naye kiongozi anaimba na kundi linamjibu. Hupigwa mtoto anapozaliwa, vijana wanapotahiriwa, watu wanapooana na wanapozikana, na hata viwanjani. Maneno yake huwa machache, na kundi huyarudia mara nyingi mno. Mhakiki huandika “takriri”, huongeza kwamba takriri husisitiza ujumbe, na kuugeuza ukurasa. Lakini ni kitu gani hasa kilichorudiwa? Mstari ulioimbwa ngoma kubwa ikiwa imetulia, na mstari huohuo ulioimbwa baada ya ngoma kubwa kuingia na miguu ya watu kubadilika, si mstari mmoja uliotokea mara mbili. Webern anaikwepa takriri kwa makusudi. Kazi yake inakwisha kabla hujazoea. Isukuti inarudia hadi mapambazuko. Mmoja hatupi maneno yoyote, mwingine anatupa yaleyale, na mbele ya wote wawili daftari letu la tamathali limebaki kavu. Naona hapo ndipo thamani ya ulinganisho huu ilipo: mipaka ya chombo huonekana vizuri zaidi kinaposhindwa pande mbili.

Wala hili si jambo la starehe ya wasomi. Mwaka 2014 isukuti iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka. Serikali ilipongezana, magazeti yakaandika. Swali la taaluma yetu ni hili: idara zinazotoa shahada juu ya nyimbo hizo zina nini cha kulindia? Tasnifu zimo rafuni. Kanda zilizorekodiwa ili tasnifu hizo ziandikwe ziko wapi? Katika sanduku chini ya kitanda cha mtafiti, ama zimeliwa na unyevu, ama wimbo wa injili umerekodiwa juu yake. Hakuna kanuni inayomtaka mtahiniwa aziwasilishe, kwa sababu kwa maoni yetu kilicho muhimu kilishaandikwa. Hugh Tracey, ambaye itikadi zake tuna haki ya kuzikosoa, alipita Kenya mwaka 1950 na mitambo yake, na alichokirekodi bado kinasikika, japo kimehifadhiwa Afrika Kusini. Mgeni alihifadhi sauti. Sisi wenyeji tumehifadhi tafsiri.

Mtu asidhani kwamba nadharia ilitukosa. M. M. Mulokozi, katika makala yake juu ya tanzu za fasihi simulizi yaliyotoka katika Mulika mwaka 1989, aliieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio, linalotawaliwa na fanani, fani inayotendwa, hadhira, mahali na wakati. Kila mwanafunzi wa uzamili huinukuu fasili hiyo katika sura ya kwanza. Kufikia sura ya tatu tukio limetoweka na matini imeketi kitini pake. Na kabla ya Mulokozi, waraka wa mwaka 1968 ambao Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliuandika Nairobi kudai Idara ya Kiingereza iondolewe, uliiweka sanaa simulizi katikati ya masomo mapya, wala haukuiona kama ghala la maandishi mafupi ya kujazia pengo la maandishi marefu. Tulishinda vita ile. Kisha tukaichukua sanaa simulizi na kuifundisha kwa namna ileile Idara ya Kiingereza ilivyozifundisha soneti.

Pingamizi la pili ni la wasimamizi wenye busara: muziki una idara zake, pale Kenyatta na pale Maseno, na mwanafunzi wa fasihi hakufundishwa kuandika nota. Ni kweli hakufundishwa. Lakini hatumtaki aandike nota. Nota za Kizungu zenyewe zingeipotosha shiriri kwa kuitia katika vyumba ambavyo inavikataa. Tunamtaka asikilize na kuripoti: hapa mwimbaji alinyamaza kwa muda wa pumzi kumi, uzi ukafanya hivi, watu wakafanya vile, aliporudi, alirudi kwa neno hili. Huo ni uhakiki wa fasihi halali kabisa. Ndivyo tunavyohakiki tamthilia, ambamo hakuna anayesema kwamba kimya cha mhusika jukwaani kipelekwe idara nyingine.

Béla Bartók na Zoltán Kodály walipoanza kuzunguka vijijini Hungaria na fonografu mwaka 1906, hawakukusanya maneno wakaacha vinanda. Miaka kumi na mitano baadaye Bartók aliandika sonata ya kwanza ya fidla na piano kati ya mbili alizozipa namba, ile ya 1921, ambamo ala hizo mbili hazigawani dhamira hata kidogo. Kila moja inasema lake, na umoja wao unatokana na kusikilizana. Sitaki kudai kwamba alijifunza hilo kwa wapigaji wa vijijini. Nasema tu kwamba mhakiki aliyezoea shiriri asingeshangazwa na sonata hiyo, na kwamba mhakiki aliyezoea tasnifu zetu asingejua aanzie wapi.

Tumalize kwa mfano ambao hauwezi kukwepwa kwa kisingizio cha lugha ya kabila. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alikuwa mtu wa Kisa, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kakamega. Aliimba nyimbo zake mashuhuri kwa Kiswahili, “Sengula Nakupenda” ukiwa mmoja wao, kwa mtindo wa gitaa uitwao omutibo: kidole gumba kikitembea chini, vidole vingine vikifuma mahadhi juu, na mwenzake akigonga chupa ya Fanta. Watu wawili, ala mbili, chumba kidogo. Kama huo si muziki wa chumbani, basi istilahi hiyo ni jina la kabila. Mukabi ni mshairi wa Kiswahili kutoka bara, wa kizazi cha uhuru, na santuri zake zimechapishwa upya ng'ambo katika karne hii. Katika diwani zetu, katika silabasi zetu za ushairi, nafasi yake ni ndogo mno. Nadhani sababu ni kwamba maneno yake, yakiandikwa peke yake, yanaonekana mepesi. Bila shaka yanaonekana hivyo. Nusu ya shairi imo katika gitaa, na sisi tumelinakili shairi gitaa likiwa limezimwa.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo moja la kiutawala, lisilohitaji fedha za mfadhili wala kongamano: bodi za uzamili zikatae kuipokea tasnifu yoyote ya nyimbo isiyoambatana na sauti zake, zikiwa zimeorodheshwa na kuwekwa maktabani, na isiyo na maelezo ya kila nafasi ambamo ala ilisema peke yake. Na mwanafunzi atakayejitokeza kumwandikia Mukabi aanze na zile sekunde ambazo gitaa na chupa vinazungumza kabla mwimbaji hajafungua kinywa, aeleze tayari tumekwisha kuambiwa nini.